Pointi Kumi na Saba

Ng'ombe aliyechinjwa nyumbani kwa Nkinda alikuwa Dereva, na hilo liliwashangaza majirani wote wa Shishiyu. Mtu akifurahi huchinja beberu. Akifurahi kupita kiasi huchinja dume asiye na kazi. Hachinji maksai wa plau, tena yule wa kulia, anayetembea ndani ya mtaro na kumwongoza mwenzake. Dereva na Konda walifungwa nira pamoja tangu wakiwa madume madogo, na kila aliyewahi kuwaazima alijua kwamba Konda bila Dereva husimama tu katikati ya shamba, anameza mate.

"Baba Kwandu, umefikiri vizuri?" mkewe Felisita alimuuliza asubuhi ile, kamba ikiwa tayari shingoni mwa ng'ombe.

"Nimefikiri. Mtoto kama yule unamchinjia beberu? Watu watatucheka."

"Na mvua zikianza?"

"Mvua zikianza tutakuwa na mtoto wa chuo kikuu, mama. Dereva atapatikana mwingine."

 Felisita naye alikuwa amelewa furaha ile ile. Tena, kwa haki, habari yenyewe ilikuwa imeletwa na ndugu yake wa tumbo moja, Maige, ambaye katika ukoo ule wa wafugaji ndiye mtu mzima pekee aliyewahi kukaa kwenye chumba cha mtihani wa kidato cha nne.

Ilikuwa hivi. Kwandu, binti yao wa kwanza, alimaliza kidato cha nne katika shule ya kata kwa divisheni wani, wafadhili wakamchukua na kumpeleka shule ya kimataifa iliyoko nje kidogo ya Lamadi, karibu na ziwa, wanakosoma watoto wa wenye mahoteli na wenye migodi. Akakaa huko miaka miwili, akafanya mitihani inayosahihishwa ng'ambo. Siku matokeo yalipotoka, alipiga simu nyumbani. Nkinda alikimbilia juu ya kichuguu nyuma ya zizi, mahali pekee pale nyumbani ambapo mtandao unashika vizuri, na Maige, aliyekuwa amekuja kutoka Bariadi kusalimia, akamfuata nyuma.

"Baba, matokeo yametoka."

"Sema, ng'wanone, mwanangu."

"Nimepata pointi kumi na saba."

Nkinda aligeuka. "Shemeji, anasema kumi na saba. Hiyo ni nini?"

"Kumi na saba?" Maige alishika kiuno. "Hiyo ni wani, shemeji. Wani inaishia kumi na saba. Hizi hesabu nazijua mimi."

Alizijua kweli. Yeye mwenyewe alipata ishirini na nane, akaambulia divisheni foo, na tangu hapo alikuwa akiwapima watoto wa wenzake kwa mizani hiyo kwa sababu ndiyo pekee aliyowahi kupimwa nayo. Katika mizani hiyo, pointi chache ndiyo ushindi. Hakuwaza kwamba inaweza kuwepo mizani nyingine duniani.

"Mama Kwandu! Wani!" Nkinda aliita kuelekea jikoni, na Felisita akatoka na mwiko mkononi, akapiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Nyumba ya jirani wakaitikia. Ya tatu wakaitikia bila kujua wanaitikia nini.

Kwenye simu Kwandu alikuwa analia. "Baba, sikiliza kwanza."

"Nasikia, mayu, mama yangu. Lia tu. Hata mimi hapa nalia."

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Alikuwa na maneno yote mdomoni: kwamba huku pointi zinakwenda juu, hazishuki, kwamba wa kwanza hupata arobaini na kitu, kwamba asiyefika ishirini na nne hapewi cheti. Akavisikia vigelegele vya mama yake, akavisikiliza mpaka salio likaisha.

*

Siku zilizofuata alipiga tena, mara hii akizunguka kwa maneno.

"Baba, shule imewaandikia wazazi waje kwenye sherehe ya matokeo. Nyie msije. Mimi nitakuja mwenyewe nyumbani."

"Tusije? Wenzako wote wawe na watu wao, wewe ukae kama yatima?"

"Ni mbali, baba. Mtachoka."

"Mtoto huyu," Nkinda alimwambia mkewe baada ya kukata simu. "Anatuonea huruma ya nauli." Machozi yakamlenga tena. Kesho yake alimtafuta mchinjaji.

Shishiyu ilikula Dereva ikashiba. Vijana walipiga ngoma, kina mama wakaimba jina la Kwandu, wazee wakamshika Nkinda mkono mmoja mmoja wakisema wabeja, asante, umetuheshimisha. Paja moja Nkinda alikataa lisiguswe. Felisita alilikata vipande, akavichemsha kwa chumvi, akavikaanga kwa samli mpaka vikawa vyekundu, akavipanga kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Hiyo ilikuwa ya walimu. Mtu hawezi kwenda mikono mitupu kwa watu waliomlelea mwanawe.

*

Mlinzi wa getini pale shuleni aliitazama ndoo kabla hajawatazama wao.

"Mzee, humo ndani mna nini?"

"Nyama."

"Nyama ya nini?"

"Ya Dereva."

Mlinzi alirudi hatua moja nyuma. Maige, aliyekuwa ameungana nao Bariadi akiwa na suti ya kuazima, akacheka na kumweleza kwamba Dereva ni maksai. Mlinzi hakucheka. Chakula cha kutoka nje hakiruhusiwi, alisema, ni utaratibu. Nkinda akavua kofia, akamwambia kwa Kisukuma kwamba hiki si chakula cha kutoka nje, ni shukrani. Mlinzi naye alikuwa Msukuma, na maneno yale yalimshinda.

"Ingia nayo. Lakini uiweke chini ya kiti, isionekane."

Kwandu alikuja mbio kutoka upande wa mabweni. Alikuwa amekonda. Akapiga goti kwa baba, akapiga goti kwa mama, akabaki ameshika mkono wa mama yake kama mtu anayeogopa kuanguka.

"Mjomba, acha kurekodi kwanza," alimwambia Maige, aliyekuwa amemwelekezea simu usoni. "Baba, kabla hatujaingia, kuna jambo nataka niwaambie."

"Na mimi nina jambo," alisema Nkinda. Akachuchumaa palepale getini, akafungua mfuniko. Harufu ya samli ikapanda. "Unamjua huyu?"

Kwandu alichungulia. "Nyama."

"Nyama ya nani? Mtazame vizuri. Si ulikuwa unamchunga mwenyewe?"

Alimtazama baba yake usoni, akaelewa. Alimkumbuka Dereva akiwa bado ndama, pua yake imelowa. Akalikumbuka shamba lote la pamba na lile la mahindi, ekari ambazo hakuna mkono wa mtu unaozimaliza kwa jembe la mkono. 

"Ulikuwa unasema jambo gani?"

"Basi, baba. Nitasema baadaye."

"Haya. Twende tusichelewe kutajwa."

*

Ukumbi ulikuwa na viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe, maputo, na skrini kubwa ukutani. Walipewa nafasi karibu na mama mmoja aliyevaa gauni la kijani na kunukia vizuri. Felisita alipiga magoti kumsalimia kama anavyomsalimia mtu anayemheshimu, na yule mama, ambaye walikuwa rika moja, akaona aibu, akawa hajui amnyanyue au amwache. Nkinda akasukuma ndoo chini ya kiti. Yule mama akauhamisha mkoba wake upande wa pili, polepole, ili isionekane kwamba anauhamisha.

Kwandu alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango.

Mkuu wa shule alizungumza kwa Kiingereza muda mrefu. Kisha picha zikaanza kutokea kwenye skrini: uso wa mwanafunzi, jina, na chini yake tarakimu kubwa. Tarakimu ni lugha ya wote, na Nkinda alizisoma mwenyewe. Ya kwanza ilikuwa arobaini na moja. Ukumbi ukalipuka kwa makofi, msichana mrefu akapanda jukwaani kuvishwa medali.

Nkinda alimwinamia Maige. "Shemeji. Arobaini na moja?"

"Hiyo imepita ziro," Maige alinong'ona. "Ziro inaishia thelathini na tano."

"Mbona wanapiga makofi?"

"Wazungu, shemeji. Hawapendi mtoto ajisikie vibaya."

Nkinda aliguswa sana. Aliwaza viboko walivyochapwa watoto wa Shishiyu kwa kukosa hesabu moja, akaona kweli dunia ina watu wenye utu. Akapiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Ikaja thelathini na tisa, akapiga. Ikaja thelathini na sita, na thelathini na nne, akapiga, huku uso wake ukizidi kujaa huzuni.

"Darasa zima limeanguka," alimwambia mkewe. "Wamempata Kwandu peke yake."

Felisita alijifuta jicho kwa ncha ya kitenge kwa ajili ya kina mama wale.

Maige alikuwa ameacha kurekodi. Kuna kitu kilianza kumkereketa: nyuso za wale wazazi hazikuwa nyuso za msiba. Lakini mtu aliyekwisha kuwa mtaalamu mbele ya shemeji yake hauachi utaalamu kirahisi. Akalegeza tai.

Yule mama wa gauni la kijani alikuwa analia waziwazi, leso imelowa. Msichana mrefu alishuka jukwaani, akaja akamkumbatia, naye akazidi kulia. Nkinda hakuweza kuvumilia kumwona mzazi mwenzake katika hali ile. Alingoja binti aondoke, akasogea.

"Pole sana, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Arobaini na moja si mwisho wa maisha. Atarudia. Huyu shemeji yangu unayemwona alipata ishirini na nane, na leo ana duka la simu Bariadi."

Yule mama alimtazama kwa macho yenye machozi, asielewe. Akatabasamu kwa adabu. "Asante, baba."

"Mungu atakupa nguvu."

"Amina."

Skrini ikazimika. Wanafunzi wakarusha kofia juu, muziki ukafunguliwa, wahudumu wakaanza kupitisha trei za vitafunwa. Nkinda alitazama kulia na kushoto. Kisha akasimama, akavuta shati lake jipya likae vizuri, akanyoosha mkono juu kama mwanafunzi.

"Samahani, walimu. Wetu bado."

Muziki uliendelea kidogo, halafu mtu akaupunguza.

Mwalimu Januarius, aliyefundisha Kiswahili pale, ndiye aliyekuja mbio. Akainama karibu na kiti. "Mzee wangu, karibu nje kidogo tuongee."

"Tuongee hapa hapa, mwalimu. Ni jambo la furaha, halina siri. Nimeona mmewataja hawa wote, mpaka waliopata arobaini, na mmefanya vizuri kuwatia moyo. Lakini mwenye kumi na saba mmemsahau. Kwandu Nkinda. Ni wetu, wa Shishiyu." Akainama, akavuta ndoo kutoka chini ya kiti, akaibeba kwa mikono miwili. "Na hii ni yenu."

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali mtu acheke. Wazazi waliokuwa karibu walitazama vikombe vyao. Yule mama wa gauni la kijani alipeleka leso mdomoni, kwa sababu yeye alikuwa wa kwanza kuelewa pole aliyopewa ilikuwa na maana gani.

"Mzee," alisema mwalimu Januarius, "nakuomba." 

Kwandu alikuwa ameshafika. Alipita katikati ya viti na watu wakampisha. 

"Baba, huku pointi nyingi ndizo nzuri. Wa arobaini na moja ndiye wa kwanza. Mimi ndiye niliyefeli."

"Nani amesema?"

"Kumi na saba ni kufeli, baba. Sipati cheti. Hao wote wamefaulu."

Nkinda alimgeukia Maige. Maige alikuwa anatazama viatu vyake, suti ya kuazima imempwaya mabegani. Alimgeukia mkewe, na Felisita alikuwa amekwisha kukaa chini sakafuni, si kwenye kiti, kama mwanamke anavyokaa msibani. Ndoo ilikuwa bado mikononi mwa Nkinda. Mhudumu mmoja, akidhani anasaidia, akaja kuipokea, akafungua mfuniko, akaufunga haraka.

"Samahani mzee, jikoni hatupokei vyakula vya nje."

"Nimesikia," alisema Nkinda.

Akaiweka ndoo chini. Akatembea mpaka kwa yule mama, akavua kofia, akasimama mbele yake, kichwa kimeinama.

"Mama, kuna pole nilikupa hapa sasa hivi."

"Baba, tafadhali, usijali kabisa."

"Haikuwa yako. Naiomba nirudishiwe."

Yule mama aliinuka. Mkoba ulianguka asiuokote. Aliushika mkono wa Nkinda kwa mikono yake yote miwili, mkono mgumu kama mpini, na machozi yaliyomtoka sasa hayakuwa yale ya mwanzo.

"Pole, baba," alisema. "Pole sana."

"Asante. Nimeipokea."

*

Kwenye basi la kurudi waliiweka ndoo katikati ya miguu. Lilipofika Bariadi, Maige alisimama ashuke, akakawia mlangoni.

"Shemeji, mimi nilijua ni ile ile ya kwetu."

"Ulipata ishirini na nane, shemeji," alisema Nkinda. "Nilipaswa kulikumbuka hilo mapema."

Maige alishuka. Basi lilipoanza kuondoka alikuwa bado amesimama kwenye vumbi na suti yake, na Felisita, ambaye ni dada yake, hakumpungia mkono.

Walikuwa wamekaribia Maswa ndipo Nkinda alipouliza, bila kumtazama binti yake.

"Siku ile ya simu. Ulisema kumi na saba, ukanyamaza. Kwa nini hukuendelea?"

"Mama alikuwa anapiga vigelegele."

Felisita aligeuza uso dirishani.

"Siku ile Dereva alikuwa hai," alisema Nkinda.

"Ndiyo, baba."

"Alikuwa anakula majani pale karibu na kichuguu. Nilikuwa namwona wakati naongea na wewe."

Kwandu alilia bila sauti, na baba yake akamwacha alie, maana hakuwa na hasira ya kumpiga wala nguvu ya kumbembeleza. Nyama ile waliila wao wenyewe, siku nyingi, hawaizungumzii.

Kijijini habari ilifika kabla ya wiki kwisha. Wengi walikuja kukaa kimya na Nkinda uani, wakaondoka. Mmoja alisema kisimani kwamba kumbe tulikula maksai wa kufeli, wenzake wakacheka, Felisita akajitwisha ndoo yake na kupita. Mwalimu Januarius aliahidi kuwaomba wafadhili wamlipie Kwandu arudie mtihani. Alipiga simu mwenyewe baadaye, na Nkinda akapanda kichuguu kumsikiliza. Wafadhili walikuwa wamekwisha kuchagua mtoto mwingine. Nkinda akashukuru, akamwombea heri huyo mtoto, akashuka.

*

Mvua zilianza. Kila mwenye maksai alikuwa shambani kwake na hakuna wa kuazima. Nkinda alijaribu kumfunga Konda na dume wa jirani asiyefunzwa, yule dume akavunja nira na kukimbilia porini. Alipomfunga Konda peke yake kwa nira mpya, Konda alisimama. Alipigwa, akasimama. Aligeuza kichwa upande wa kulia, akangoja.

"Baba," alisema Kwandu. "Ngoja."

Alivua ndala. Akaingia ndani ya mtaro, upande wa kulia, akaushika ule upande mtupu wa nira, akauweka begani.

"Toka hapo," alisema Nkinda. "Watu wanapita barabarani."

"Waache wapite."

"Mimi sikukulea uje ufungwe nira."

"Sijafungwa, baba. Nimeshika. Yeye anataka mtu tu pembeni yake."

Nkinda alitazama mawingu, akatazama shamba. Alitaka kukataa na hakuwa na kitu cha kukatalia. Akaushika mshikio wa plau, akatoa ile sauti ya ulimi anayowaondolea ng'ombe. Konda alinusa mkono wa msichana, akapiga hatua. Plau ikaingia ardhini, udongo mweusi ukapinduka.

Walikwenda hivyo mpaka mwisho wa shamba. Wanawake wawili waliokuwa wanapita na kuni walisimama, wakatazama, wakaendelea bila kusalimia. Hapo mwisho panapogeuzwa, Nkinda, kichwa chini, jasho machoni, alisahau. Akaita kama alivyoita misimu yote iliyopita.

"Dereva! Geuka!"

Sauti ilipomtoka, aliisikia. Plau ikamlegea mikononi.

Kwandu hakugeuza uso. Aliiweka nira sawa begani, akageuka kulia, na Konda akamfuata.